Mkate wa Dirisha la Nyuma

Duka la mikate la Mgiriki lilikuwa na milango miwili na dirisha moja, na mji mzima wa Arusha ulijua nani apite wapi. Wazungu waliingia kwa mlango wa mbele wakatoka na mkate wa moto. Wahindi walipita mlango wa ubavuni, wakapata uliobaki na joto. Wengine wote, Wameru, Waarusha, Wachaga, Wapare na Wanyamwezi, walijipanga nyuma, kwenye dirisha lisilo na kioo, wakauziwa mkate wa jana. Palikuwa na Msomali mmoja wa Kaloleni ambaye kila Jumamosi aligomba kwamba yeye si mtu wa dirishani, na kila Jumamosi aliishia dirishani.

Jumamosi hiyo Eunike alifika amevaa gauni la bluu lililonyooshwa kwa pasi, kitambaa cha njano kichwani, na raba nyeupe alizopewa na memsabu wake. Alikuwa yaya Uzunguni, ng'ambo ya mto. Mkate aliotumwa ulikuwa wa mlango wa mbele, lakini mwenye kuununua alikuwa wa nyuma.

"Mikate miwili ya leo, ya memsabu," alisema.

Aliyechungulia dirishani alikuwa kijana mrefu, unga umempanda mpaka viwikoni. Ndewe zake ndefu alizikunja akazipachika juu ya masikio, zisije zikaning'inia kwenye unga anaoukanda. Eunike alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka kwa sauti.

"Mwarusha anakanda unga! Mama yako anajua?"

"Mama yangu anajua nafanya kazi kwa Mzungu. Hakuuliza kazi gani. Ukimwambia wewe, nitakuuzia mkate wa juzi."

"Nitamwonea wapi mama yako, mimi Mmeru wa Akheri?"

"Siku nitakayokupeleka kwetu Oldonyo Sambu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Eunike akanyakua mikate yake, akaondoka na joto usoni, na alikuwa amefika mtoni alipotambua kwamba hakudai chenji.

Chenji ile ilimpa Kisioki, maana hilo ndilo lilikuwa jina lake, sababu ya kupiga simu. Nyumba ya memsabu ilikuwa na simu, na duka lilikuwa na simu. Tangu siku hiyo memsabu alishangaa kuona yaya wake anavyojitolea kuagiza mikate.

"Haloo, unataka mingapi leo?"

"Miwili."

"Miwili tu, mpenzi? Na mimi je, hunitaki?"

"Wewe ni wa jana."

Yule Mgoa aliyekuwa akiunganisha simu za mji alikohoa kuficha kicheko, nao wakajua wana msikilizaji. Hawakujali. Walipendana kwa haraka na kwa wazi, kama watu waliochelewa mahali.

Tatizo lilikuwa pa kukaa. Mji ulikuwa mdogo, lakini umegawanywa kama sahani ya hospitali yenye vyumba vyumba. Bustani ya maua ilikuwa na benchi, na benchi lilikuwa la Wazungu. Kisioki akisimama barabara ya Uzunguni zaidi ya dakika chache, askari alimuuliza anamngoja nani. Chumba chake Kaloleni kilikuwa na ukuta mmoja na Mnyamwezi na mwingine na Mpare, na Eunike, binti wa mzee wa kanisa la Kilutheri, asingeingia chumba cha mwanamume. Kwa hiyo walitembea tu. Walizunguka soko, wakashuka mtoni, wakapanda tena, mpaka Eunike akaichukia miguu yake.

"Nimechoka kupendwa nikiwa nimesimama," alisema siku moja. "Njoo kwa baba."

"Atanikataa. Atasema Mwarusha."

"Aseme. Utamjibu."

Basi Kisioki akajiandaa kwa swali la kabila. Aliazima koti, akanunua sukari, akaoka mkate kwa mikono yake akaufunga kwa kitambaa safi. Njia nzima ya kupanda Akheri alikuwa akijisemesha majibu.

Mzee Sumari, baba yake Eunike, alikuwa uani, katikati ya migomba yake, na mwenzake Aminieli, muuza ndizi wa soko la Kaloleni. Sumari alikuwa ameota mvi mapema, na Kisioki aliinama kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

Sumari hakuitikia. Alimtazama masikio, akamtazama mabega.

"Ngoja kwanza. Ulitiwa jandoni lini?"

Kisioki akamweleza. Alikuwa mdogo kuliko wote, alisema, wa mwisho mwisho kabla jando halijafungwa.

"Na mimi nilikuwa wa mwanzo wake!" Sumari akaruka kutoka kitini. "Aminieli, umesikia? Huyu ni rika letu! Na wewe unaniamkia shikamoo, huoni haya?" Akamkumbatia mpaka koti la kuazima likalia mshono.

Waarusha na Wameru hawakuwa na lugha moja wala ukoo mmoja, lakini rika lao lilikuwa moja, limeuzunguka mlima wote. Mwanarika alikula kwako, akalala kwako, na akifa ulimzika wewe. Na binti wa mwanarika alikuwa binti yako. Kumwoa lilikuwa jambo la laana. Kisioki alijua hivyo tangu utotoni. Alikuwa amehesabu kabila, akasahau kuhesabu miaka. Mjini walitenganishwa na kila mtu. Huku walipokewa, na kupokewa ndiko kulikowafunga.

"Eunike!" Sumari aliita kwa furaha. "Njoo umsalimie baba yako mdogo!"

Eunike alitoka jikoni na bakuli la ndizi mkononi. Alisikia kila neno. Alisimama mbele ya mpenzi wake, akainamisha kichwa, kama alivyowainamishia wazee tangu alipojua kutembea, na akangoja. Alikuwa na hakika Kisioki atasema.

Wazee walitazama.  Kisioki akauweka mkono wake juu ya kitambaa cha njano, kama baba anavyomwitikia mtoto.

Waliula ule mkate, na Sumari aliusifu.

Jumatatu simu ya dukani ililia.

"Mikate miwili," alisema Eunike.

"Mpenzi, nisikilize."

"Mpenzi nani? Baba hamwiti binti yake mpenzi."

"Ningefanya nini? Ningekiacha kichwa chako hivi hivi mbele ya wageni?"

"Ungesema umekuja kunioa! Neno moja, Kisioki!"

"Nilipofika mji huu sikuwa na mtu. Mmeru nisiyemjua alinipa kitanda na uji kwa sababu ya rika tu. Nikilikana nitabaki na nani?"

"Baki nalo," akasema, akakata. Safari hii Mgoa hakukohoa.

Wiki zilipita. Eunike alimwosha mtoto wa memsabu, akamlisha, akamwimbia, huku moyo wake ukiwa kama chumba kisicho na dirisha. Alimkasirikia Kisioki, na alimtamani hivyo hivyo. Kisha posa ikaja Akheri: mwalimu mjane, mtu mzima na mpole, ana kahawa nyingi. Eunike alikataa kujibu. Sumari akasumbuka, akakumbuka ana ndugu mjini.

Ndiyo maana Jumamosi moja Aminieli alisimama kwenye foleni ya dirishani akapaza sauti kwa nia njema kabisa.

"Kisioki! Sumari anakusalimu. Anasema wewe ndiye baba wa binti yake hapa mjini. Umshauri amkubali mwalimu, jibu linatakiwa kesho kanisani." Akageuka. "Na bahati nzuri huyu hapa anakuja."

Eunike alikuwa amefika na gauni lile la bluu. Alielewa mara moja, na machozi yakamjaa.

"Haya, baba," akasema. "Nishauri."

Dirisha likabaki tupu. Watu walidhani amekimbia. Kisha mlango wa ubavuni ulifunguka, na Kisioki akatoka na unga wake mpaka kwenye nywele, akapita katikati ya foleni mpaka mbele ya Eunike. Akainama. Aliinamisha kichwa chake chini mbele yake kama mtoto, mbele ya Wameru na Waarusha na Msomali aliyeacha kugomba.

"Unafanya nini?" Aminieli alipiga kelele. "Inuka! Baba hamwinamii binti!"

"Basi mimi si baba yake," Kisioki alisema, bado ameinama. "Kamwambie Sumari niliuweka mkono wangu kwa woga. Kamwambie nampenda binti yake, tangu kabla sijamjua yeye."

"Akikugusa kichwani umekwisha, si wa rika tena! Hapatakuwa na nyumba ya rika itakayokupa maji, huku wala Oldonyo Sambu." Aminieli akamgeukia msichana. "Na wewe, mwanangu, Akheri hutaiona tena. Mfikirie mama yako."

Eunike alimfikiria mama yake. Aliifikiria migomba, na moshi wa jikoni, na kiti chake cha miguu mitatu. Alitazama mji ule, mto upande mmoja, Kaloleni upande mwingine, akaona kwamba hiyo ndiyo nafasi yote watakayokuwa nayo: chumba kimoja, ukuta wa Mnyamwezi na ukuta wa Mpare. Aliogopa sana. Kisioki alikuwa bado ameinama, na shingo yake ilikuwa ikitoka jasho.

Eunike akauweka mkono wake juu ya kichwa kile. Ulipotoka ulikuwa mweupe kwa unga.

Aminieli alichukua kapu lake la ndizi, akaenda zake bila kuaga. Ndani, Mgiriki alikuwa akiita kwa hasira nani anaunguza mikate. Kisioki aliinuka, akarudi mbio jikoni, na baada ya kitambo akatokea dirishani, macho mekundu.

"Mingapi?" aliuliza.

"Miwili ya memsabu," Eunike alisema, akijifuta mkono kwenye gauni. "Na mmoja wa kwetu."

"Wa kwetu ni wa jana."

"Nipe huo huo."