Risasi na Matairi Mapya

"Mimi na pikipiki hii tumezaliwa tumbo moja!" alisema Risasi, akijipiga kifua. "Nipe trei ishirini za mayai. Nifunge macho kwa kitambaa. Nitafika kwa mwokaji, na hakuna yai litakalojua kwamba limesafiri."

Wifi yake alikuwa amechuchumaa, anapanga mayai. Hakuinua hata kichwa.

"Wifi, tuanze kwa kufunga mdomo. Macho tutafunga kesho."

Mume wa Risasi, fundi cherehani, alicheka mpaka akashona mfuko kwenye goti la suruali ya watu.

"Suruali haina mfuko gotini!" alisema Risasi.

"Sasa hii inao," alijibu mumewe, akaanza kufumua.

Asubuhi za nyumba hiyo zilikuwa hivyo. Banda la kuku lilikuwa nyuma. Cherehani ilikaa barazani. Pikipiki ilisimama katikati ya ua kama mgeni rasmi. Mara tatu kwa wiki, Risasi alifunga mayai kwenye makreti mawili, akayapeleka kwa mwokaji mikate ng'ambo ya kilima. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba. Cherehani ilisaidia, lakini watu hawapasui suruali kila siku.

Siku hiyo pikipiki ilikuwa na matairi mapya, mbele na nyuma. Ya zamani yalikuwa yamekwisha. La nyuma lilikuwa kipara kitupu, limelika katikati mpaka likawa bapa kama ubao. Jirani yao, fundi matairi anayeitwa Mzee Pampu, ndiye aliyefunga haya mapya jana yake.

"Mwanangu, tairi jipya..." alianza Mzee Pampu.

"Nimekuelewa, mzee," alisema Risasi. Mzee alikuwa hajamaliza hata sentensi moja. Risasi akawasha, akaenda zake.

Nyumbani aliona matairi yana vumbi. Akachukua dawa ya viatu, akayapaka kote, hata pale panapogusa barabara. Yaling'aa mpaka jogoo akaja kujitazama.

Basi asubuhi hiyo akavaa kofia ngumu, akavuta mafuta, akatoka kwa fujo. Kona ya kwanza ilikuwa kwenye bustani za mchicha. Siku zote, ili pikipiki ikubali kukata kona ile, Risasi aliisukuma upande kwa nguvu. Leo pia aliisukuma kwa nguvu. Lo! Pikipiki ililala upande mara moja, kama mtu aliyevutwa shati. Tairi la nyuma likateleza. Pikipiki ikaenda njia yake, mayai njia yake, na Risasi njia yake.

Alijikuta katikati ya mchicha. Kiwiko kilikuwa kimechubuka. Kichwa kilikuwa salama ndani ya kofia. Kwenye trei ishirini, trei nzima zilibaki tisa.

Mwokaji, alipofikishiwa hizo tisa, hakupiga kelele. Alisema polepole, na hilo ndilo lililomtisha Risasi zaidi.

"Dada, umeniletea mayai mazuri mwaka mzima. Lakini siwezi kukanda unga kwa pole. Jumatatu nina keki za shule. Nataka trei ishirini, nzima. Zikivunjika tena, nitamchukua yule muuza mayai mwenye gari."

Risasi alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Pampu.

"Mzee, nirudishie matairi yangu ya zamani. Haya ni mabovu. Yale yalikuwa yanaijua njia."

Mzee Pampu aliinama. Akapitisha kidole kwenye tairi. Kidole kikatoka cheusi tii. Akakinusa.

"Hii ni nini?"

"Dawa ya viatu," alisema Risasi kwa sauti ndogo.

"Na soksi utalivalisha lini?"

Risasi hakucheka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mzee aliona, akaacha mzaha. Akamvutia kigoda.

"Kaa hapa, mwanangu. Leo utanisikiliza mpaka mwisho. Tairi likitoka kiwandani, ngozi yake ya juu ni laini. Huteleza. Lazima ngozi hiyo isuguliwe na barabara kwanza. Sasa wewe umeongeza mafuta ya viatu juu yake. Ni sawa na kulipaka sabuni."

"Lakini mbona ililala ghafla vile? Mimi kona ile naijua."

"Unaijua kwa tairi lile." Mzee akaleta tairi la zamani, akaliweka kando ya jipya. "Tazama. Hili limekuwa bapa. Ukitaka kukata kona, linakugomea, nawe unalisukuma. Mkono wako umezoea ugomvi. Hili jipya ni duara. Halibishani na mtu. Ukiligusa kidogo, linalala. Wewe ulilisukuma kama adui."

Risasi alipitisha kiganja juu ya tairi bapa, kisha juu ya lile la duara.

"Nifanye nini, mzee? Nina siku nne."

"Zinatosha, ukiacha kiburi. Osha matairi kwa maji na sabuni. Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki. Kisha uendeshe bila mzigo, kilomita mia moja na hamsini hivi. Kona taratibu. Breki taratibu. Mafuta taratibu. Kila siku laza kidogo zaidi ya jana."

Risasi alijifunga kibwebwe. Siku hiyo hiyo alisugua matairi mpaka povu likatoka jeupe. Siku ya pili alizunguka mji mzima mwendo wa bibi harusi. Baiskeli zilimpita. Muuza maji mwenye mkokoteni alimpita.

"Risasi, umeishiwa baruti?" madereva wenzake walimpigia kelele.

"Piteni tu," alijibu. "Mayai yangu hayana haraka."

Siku ya tatu aliona kingo za matairi zimeanza kufifia ung'avu. Kona ya mchicha ilimkubali. Aliigusa pikipiki kidogo tu, ikainama, ikainuka. Moyo wake ukatulia.

Akamwambia wifi, "Nipe trei sita nijaribu kilima."

Hapo tena likatokea jambo. Kilima kile kilikuwa na mchanga. Zamani, akivuta mafuta, tairi kipara lilizunguka bure na kurusha vumbi kabla ya kushika. Kwa hiyo alizoea kuvuta kwa nguvu. Leo alivuta vile vile. Tairi jipya lilishika mchanga papo hapo. Pikipiki ikaruka mbele. Makreti yakaruka nyuma, yakashikwa na kamba.

Mayai saba yalipasuka. Wifi aliyahesabu, akasema, "Wifi, haya yamejua kwamba yamesafiri."

Mume wake alitoka barazani na utepe wa kupimia ukiwa shingoni. "Mke wangu, labda tumwambie mwokaji ukweli. Tutafute kazi nyingine."

"Hapana," alisema Risasi. "Matairi yamejifunza. Bado mkono wangu."

Alirudi kwa Mzee Pampu, naye akamweleza: "Nguvu ya injini ni ile ile. Zamani sehemu yake ilipotelea kwenye vumbi. Sasa yote inafika barabarani. Kwa hiyo fungua mafuta polepole, kama unamimina chai kwenye kikombe kilichojaa."

Maneno hayo yalimpa Risasi wazo. Aliweka bakuli la maji ndani ya kreti. Akapanda kilima. Juu alikuta nusu bakuli. Akashuka, akajaza, akapanda tena. Robo tatu. Akapanda tena, na tena. Wifi aliacha kuku, akaja kukaa chini ya kilima na ndoo ya kujazia. Mara ya kumi na nane, wifi alichungulia ndani ya bakuli, akaiweka ndoo chini bila kumimina.

"Vipi?" aliuliza Risasi.

"Nakutafutia la kukusema," alijibu wifi. "Sioni."

Jumatatu manyunyu yalianguka tangu alfajiri. Mume wake alitazama juu, akayafunika makreti kwa nailoni. Risasi alipima upepo, akakaza kamba za makreti, akavaa kofia. Aliondoka bila kishindo. Kwenye kona alipunguza mwendo kabla hajaingia, maana tairi zuri pia huheshimu barabara yenye maji. Pikipiki iliinama kidogo, ikashika, ikapita. Kwenye kilima alifungua mafuta kidogo kidogo. Tairi halikurusha tope. Lilivuta tu, mpaka juu.

Mwokaji alifungua trei moja moja, zote ishirini. Alichukua muda wake, maana alitafuta hata nyufa. Mwisho akapangusa mikono.

"Keshokutwa pia ishirini," alisema. "Na yule wa gari nitamwambia asije."

Risasi alitoka nje akijiona ameongezeka urefu. Pale mlangoni palikuwa na foleni ya watu wanaongoja mikate. Kando, dereva mmoja mnene wa pikipiki alikuwa anapaka dawa ya viatu kwenye matairi yake mapya.

"We kaka, acha!" Risasi alipaza sauti ili foleni yote isikie. "Utaanguka! Sugua hiyo dawa kwa sabuni. Kisha nenda taratibu siku tatu, bila mzigo. Fungua mafuta polepole."

"Nani kakufundisha?" aliuliza dereva, brashi mkononi.

"Kufundishwa? Mimi?" Risasi aliweka mkono kiunoni. "Kaka, haya ni mambo ya akili tu. Mtu mwenye akili akilitazama tairi, analijua. Mimi siku ya kwanza kabisa niliyaosha, nikaenda pole pole kama..."

"Dada," iliita sauti kutoka kwenye foleni.

Alikuwa mama mmoja mwenye jembe begani na magoti yenye udongo.

"Samahani kukukatiza. Naona umevaa kofia ile ile. Hebu niambie: tuta langu la mchicha ulilolilalia wiki iliyopita, uliliingia kwa akili hiyo hiyo, au ulikuwa na nyingine?"