Soksi Iliyofunga Mlango wa Ngome

Kila Jumamosi asubuhi Muzdalifa humsaidia mama yake, Bi Mwanahija, kupanga viatu na soksi katika maboksi pale soko la Zhanxi, mjini Guangzhou, China, kabla mzigo haujasafirishwa Unguja. Mchana hukimbilia darasa la Kiswahili linalofundishwa na Mwalimu Leokadia.

Jumamosi hii hakukimbia. Wakati wa likizo, Mjomba Ussi, anayesomea ujenzi chuoni, alimpeleka Japani kutazama ngome ya kale iliyoungua, ikajengwa upya kwa mbao. Leo darasa lilitaka habari za safari hiyo, na mjomba mwenyewe alialikwa, akaketi nyuma.

"Haya, mwanangu, tusimulie," alisema mwalimu.

Muzdalifa alieleza handaki la maji, kuta za mawe na mapaa yaliyopandana. Mpaka hapo alisema kweli.

"Na ndani kukoje?" aliuliza Derick, mwanafunzi mwenzake.

"Ndani? Dhahabu tupu! Hata ngazi ni za dhahabu!"

"Weee! Eti kweli, mjomba?" Derick aligeuka.

Mjomba Ussi alijikuna kidevu. "Mimi sikuingia. Mwenzenu aliumwa tumbo pale mlangoni, nikakaa naye nje mpaka wakafunga. Usiku ule ule tukarudi."

"Kumbe hata yeye hakuingia!" Dainess alicheka, na darasa zima likamfuata.

Muzdalifa alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini kicheko hakikumuuma kama uso wa mjomba. Miezi mingi mjomba alikuwa akiisimulia ngome ile, namna mafundi walivyounga mbao zake bila msumari hata mmoja. Alitaka kuziona kwa macho yake.

"Sikuumwa," alisema, machozi yakimlengalenga. "Mlangoni pale watu huvua viatu. Soksi yangu ilikuwa imetoboka, kidole gumba kizima nje. Mama aliniambia nipakie soksi mpya, nikamjibu nimeshapakia, na begi hata sijaligusa. Niliona aibu. Nisamehe, mjomba, nimekukosesha ngome yako."

Mtoto wa muuza soksi huyo! Kweli mfinyanzi hulia gaeni.

Mjomba aliinuka, akaja mbele. Kisha akainama, akavua kiatu. Lo! Kisigino chake chote kilikuwa nje ya soksi. Watoto walicheka mpaka mwalimu akagonga meza, naye anacheka.

"Siku ile nilivaa hizi hizi," alisema mjomba, "na ningeingia nazo. Ngome sitaiona tena karibuni, na sikufichi, imeniuma. Lakini nimekusamehe."

"Nitakushonea soksi yako, mjomba."

"Utashona, ila kwanza kamwambie mama yako ukweli. Na nyote mnisikilize. Tundu la soksi halikutuzuia kuingia. Uongo ndio uliotuzuia, na ulianzia nyumbani, kwa neno moja tu la uvivu. Ungeniambia, 'Mjomba, soksi yangu imetoboka,' tungeingia wote wawili, tukichekana kidole na kisigino."