Muuguzi wa Nyuma ya Pazia

Ndugu zangu, wenye viti kaeni, na wasio na viti wasikalie vya wenzao. Nina habari ya nyumba iliyopatwa na majigambo, maradhi ambayo hayana sindano.

Ilikuwa nyumba ya raha. Chumba cha mbele mama alishona nguo za watu, cha nyuma babu alisinzia, na katikati, penye pazia la kujaribia nguo, kilitundikwa cheti cha uuguzi cha binti wa nyumba, bado kinanukia wino. Tangu amalize chuo, binti alikuwa amempima babu presha mara nyingi hata mzee akaanza kuficha mkono kila akikiona kile kipimo.

"Mjukuu wangu," alilalamika, "huu ni mkono, si tairi la baiskeli."

Kilichokosekana ni kazi tu. Binti alizunguka hospitali moja baada ya nyingine, na kila alipofika aliambiwa, "Tutakupigia." Simu yake ikanyamaza kama mwizi aliyejificha uvunguni.

Hapo ndipo alipoingia mteja mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuja kupunguziwa gauni. (Kwa kweli alikuja kuongezewa, lakini hayo tuyaache.)

"Fundi, bintiyo si alimaliza chuo? Mbona bado anashika ufagio?"

Mama akajibu bila kuinua macho, "Anauaga huo. Jumatatu anaanza kazi hospitali kuu."

Ufagio ukamponyoka binti.

"Mama, uongo gani huu?" aliuliza binti, Redio alipoondoka.

"Si uongo, mwanangu. Ni ukweli uliochelewa njiani."

Na msimhukumu haraka. Mama huyu alikuwa amemshonea bintiye sare nyeupe kwa mikono yake mwenyewe, na kuiona ikikaa kabatini kulimchoma kuliko sindano ya cherehani. Basi ikawa kila asubuhi binti anatoka mlango wa mbele na sare yake, majirani wanampungia mkono. Akifika kona anakata uchochoroni, anaingia kwa mlango wa nyuma na kujibanza nyuma ya pazia mpaka jioni. Akipiga chafya, mama alikanyaga cherehani kwa nguvu ili sauti ifunikwe.

Lakini fikirini wenyewe: nani atamtafutia kazi mtu ambaye tayari anayo? Majirani waliosikia habari za nafasi walipita nazo moja kwa moja, wakampungia tu.

Siku moja akaja daktari wa zahanati ya mtaani kuchukua suruali yake. Redio naye alikuwepo, mama amepiga magoti anampimia pindo, pini zimemjaa mdomoni.

"Nimechoka, fundi," alisema daktari. "Muuguzi wangu amehama. Ningemtaka binti yako, lakini huyo yuko hospitali kuu, kwetu atafuata nini? Leo jioni namchukua mgeni mmoja niliyeletewa."

Nyuma ya pazia, binti alisikia kila neno. Akitoka, mama ataaibika mbele ya Redio, na mtaa mzima utajua kabla chai haijapoa. Asipotoka, kazi ndiyo hiyo, inakunja suruali yake inaondoka. Akamsubiri mama aseme. Mama akasema, "Mmh."

Daktari akashika mlango. Binti akafungua pazia.

"Shikamoo, daktari. Sina kazi. Sijawahi kuipata."

Redio aligeuka ghafla, pini za pindo zikamchoma miguu.

Mama akatema pini kiganjani, macho yamejaa machozi. "Mimi ndiye niliyedanganya, daktari. Mtoto hana kosa."

"Kosa analo. Uongo ni wako, lakini aliyeuvaa kila asubuhi ni yeye. Binti, muuguzi akinidanganya mimi, anayezikwa ni mgonjwa. Nitakuaminije?"

"Sijui, daktari," alisema binti kwa sauti ndogo. "Labda unijaribu."

Daktari akaketi, akakunja mkono wa shati. "Nipime presha."

Binti akamfunga kipimo, akatia mpira wa kusikilizia masikioni. Mama, kwa woga, alikuwa amerudi kukanyaga cherehani kama alivyozoea kufunika mambo. Huku anakanyaga, akamwashiria bintiye kwa midomo bila sauti: Mia na ishirini! Sema mia na ishirini! Babu, mlangoni, akatikisa kichwa kuunga mkono, maana hiyo ndiyo namba ya mwenye afya, aliyoitamani maisha yake yote.

"Haya, vipi?" aliuliza daktari.

Binti akatoa mpira masikioni. "Sikusikia, daktari. Mama, naomba usimamishe cherehani. Nirudie."

Chumba kikatulia. Akapima tena, polepole.

"Iko juu. Mia na sitini kwa mia moja. Pumzika kidogo nipime tena, na ikibaki hapo umwone daktari."

"Daktari si mimi?"

"Ndiyo maana hujapimwa."

Daktari alicheka mpaka kipimo kikamfunguka mkononi. "Kesho asubuhi uje. Utaanza kwa majaribio. Na upite mlango wa mbele, ufike unakokwenda."

Asubuhi iliyofuata mama aliipiga pasi sare mara mbili, akasimama mlangoni kumsindikiza mwanawe kwa macho mpaka akapita ile kona bila kukata uchochoroni. Redio akapita, akasimama, akangoja kusikia neno. Mama alikuwa na maneno mengi. Akayapima, akachukua pini, akazitia mdomoni yasije yakatoka.

MAFUNZO

Mficha uchi hazai, na mficha shida hasaidiwi. Enyi wazazi, wapendeni watoto wenu, hata mjivunie, lakini msiwaajiri kwa midomo, kwa kuwa kila nafasi itawapita ikidhani wameshashiba. Nanyi vijana mnaotafuta kazi ya kwanza, semeni kwamba mnatafuta. Na mkiipata, siku msiyosikia vizuri, semeni hamkusikia.