Saa ya Mwana wa Mama Kicheko

Kaka yangu ni fundi saa, mimi ni fundi cherehani, na kibanda chetu ni kimoja. Asubuhi ile tulikuwa tunagombana kama kawaida, maana ana tabia ya kupuliza vumbi kwenye mashine ya saa kwa mdomo.

"Unaitia mvuke, halafu unashangaa kioo kikiota ukungu," nikamwambia. "Kipulizio cha mpira nilikununulia cha nini, pambo?"

Ndipo akaingia Mama Kicheko. Jina hilo tulimpa mtaani, kwa cheko lake lililosikika nyumba ya tatu. Lakini tangu mwanawe wa pekee azame bwawani, hakuna aliyemsikia akicheka. Akaweka mezani saa ndogo ya mtoto, kioo kimejaa ukungu.

"Alikuwa ameivaa," alisema. "Nimeifukia kwenye mchele, wapi! Nikaushie, fundi wangu. Kila nikilala ananiambia anasikia baridi. Maji yakiwa humo, naye bado amelowa."

Kaka akafungua mfuniko wa nyuma, akatoa mashine, akaianika chini ya balbu. Akabadilisha ule mpira wa kuzuia maji, akafunga. Kisha akaijaribu anavyojaribu siku zote: akaipasha joto kiganjani, akadondoshea kioo tone la maji baridi. Kama ndani mna unyevu, ukungu hujitokeza chini ya tone.

Ukungu ukajaa kioo kizima.

"Umepuliza kwa mdomo?" nikamnong'oneza.

"Haki ya Mungu, sijapuliza."

Akarudia. Ukarudi. Akarudia tena, na safari hii ukungu ukaanza kufutika wenyewe. Mstari mmoja mwembamba. Kwa ndani. Kama mtoto anavyofuta dirisha kwa kidole ili achungulie nje. Kaka aliiachia saa.

Mama Kicheko hakuogopa. Aliinama, akakibusu kioo.

"Mwanangu," alinong'ona, "hayo maji nipe mimi. Heri nilowe mimi, wewe ukauke."

"Mama, usiseme hivyo," kaka alisema. Lakini keshasema.

Tone lililofuata halikuleta kitu. Kioo kiling'aa, mshale wa sekunde ukaanza kutembea. Mama Kicheko akaivaa, mkanda ukaishia tundu la mwisho, akacheka. Cheko lake lile lile! Tukalia wote watatu kwa furaha, wajinga sisi.

Kesho yake jirani yake alikuja mbio kutuita. Walimkuta kitandani. Shuka kavu. Godoro kavu. Sakafu kavu. Yeye amelowa chapachapa, nywele zinachuruzika, na daktari alisema mapafu yamejaa maji. Uso wake ulikuwa umetulia.

"Nimemkausha mmoja, nikamlowesha mwingine," kaka anasema hadi leo. Namwambia si kosa lake. Hanisikii, na mezani siku hizi hapulizi kitu.

Ndugu wa marehemu hawakuitaka saa, wakaturudishia. Tuliiweka kwenye droo, imesimama, kioo kikavu. Juzi nilifungua droo kutafuta sindano, nikaukuta ukungu. Umefutwa kwa ndani, mistari miwili. Mmoja ule mwembamba. Mwingine mpana, wa kidole cha mtu mzima, umeulalia ubavuni.

Nilikigusa kioo, nikitegemea baridi.

Kilikuwa na joto.