Koni Nzito

"Shangazi amefika. Muziki uangaliwe."

Simu ikakatika.

Mafumbo hayo yalimtosha Nge, ofisa usalama. Kuna watu wamepenyeza kitu kwenye vyombo vya sauti vya ukumbi, na asubuhi hii kwaya ya watoto inamwimbia mgeni kutoka nje, mtu mwenye maadui kila kona.

Walinzi walikuwa wamepima kila spika kwenye mizani. Uzito ni ule ule wa kwenye lebo. Wakaridhika, wakaenda kunywa soda.

Wapumbavu!

Nge alijitia fundi wa umeme, akafungua spika moja nyuma ya jukwaa, akatoka nayo ndani ya kapu la nguo chafu. Vifaa vya kupimia vilikuwa jirani tu, nyumbani kwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, yule yule aliyeuza spika zile. Getini akamkuta mama wa jirani anaanika nguo.

"Shemeji yako mtu wa watu kweli! Kampa binti yangu wa kwaya lifti mpaka ukumbini!"

"Ndiyo zake," Nge akajibu, akapita.

Uani watoto wawili wa shemeji walikuwa wanaruka kamba.

"Mama mkubwa! Leo hatuimbi, tunaumwa!" akapayuka yule wa kike, huku akiruka.

"Naona."

Meza ya shemeji ilinuka gundi na soksi. Vikombe vya chai vilikuwa vimeota ukungu. Nge akavisogeza kwa ncha ya bastola yake, maana kuvigusa kwa mkono asingeweza, hata kwa dawa.

Akaunganisha spika kwenye amplifaya na kompyuta. Akapitisha sauti ndogo, nyembamba kama ya mbu, akiishusha taratibu, akitafuta pale ambapo koni, lile karatasi gumu la mbele ya spika, hutetemeka zaidi yenyewe. Lebo ilisema mitetemo arobaini kwa sekunde.

Kompyuta ikasema thelathini na moja.

Akarudia. Thelathini na moja.

Akachukua udongo wa kuchezea wa watoto, akaupima kwa mizani ya jikoni, akaubandika kwenye koni, akapima tena. Ukijua umeongeza uzito gani, na sauti imeshuka kiasi gani, hesabu inakwambia koni yenyewe ina uzito gani. Hii ilizidi uzito wake wa kawaida kwa gramu kumi na sita. Na kama mizani ya walinzi haikuona kitu, basi kuna mtu alikwangua chuma cha nyuma ili kufidia.

Akamulika kurunzi kwenye tundu la nyuma ya sumaku. Kichupa cha kioo chembamba kimegandishwa nyuma ya kifuniko cha koni, kimejaa unga wa kijivu. Besi nzito ya kwanza ingekipasua, na koni ingewapulizia watoto unga ule usoni.

Akabonyeza redio kumwita mkuu wake kule ukumbini.

"Mkuu, zima umeme wa jukwaa."

"Sababu?"

"Spika ina sumu."

"Una uhakika ni sumu?"

"Nimeona unga. Nina vipimo."

"Mgeni ameshakaa, Nge. Nikimvunjia sherehe kwa sababu ya unga, kesho nauza mitumba. Nipe mhusika, akiri kwa kinywa chake. Kwaya inapanda jukwaani."

Nge alitamani kuitemea mate ile redio. Mlango ukafunguka.

"Ehe, shemeji! Hata hodi hakuna?"

Shemeji akampa mkono. Mkono wenyewe baridi, umelowa jasho.

"Spika yako inatetemeka chini ya lebo," Nge akasema.

"Aa, hiyo ni mpya. Bado haijalainika."

"Mpya huwa ngumu, na ugumu hupandisha namba, shemeji, haushushi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Shemeji akaanza kukusanya vikombe.

"Na watoto wanaumwa nini?"

"Homa. Tangu jana."

Uani kamba ilikuwa inapiga chini, pa, pa, pa, na vicheko juu yake.

Nge akawachungulia dirishani. Khaa! Wa kwake kawaficha nyumbani, wa jirani kampeleka mwenyewe.

Akaacha redio wazi, Mkuu asikie. Akainyanyua spika, akaielekeza usoni kwa shemeji, akazungusha sauti ya amplifaya mpaka mwisho, kidole juu ya swichi.

"Haya, tusikilize."

"Usiwashe! Shemeji, usiwashe, tutakufa! Zote zina hicho kitu! Zote!"

Redio ikalipuka kwa sauti ya Mkuu. "Zima! Zima kila kitu! Toa watoto nje!"

Shemeji akaporomoka sakafuni.

"Waliniahidi tenda ya kumbi zote. Mdogo wako asijue, nakuomba. Sisi ni ndugu."

"Ulimfunga mkanda?"

"Nani?"

"Binti wa jirani. Kwenye gari. Ulimfunga mkanda?"

Shemeji akaitikia kwa kichwa.

"Ptuu!"

Nge akatoa mfukoni waya wa umeme wa amplifaya. Alikuwa ameuchomoa tangu alipouona ule unga. Akamtupia shemeji mapajani, kisha akamfunga pingu kwenye mguu wa meza, kando ya soksi zake.

"Nge? Wametoka wote," Mkuu akasema. "Salama. Wanataka kuimbia uwanjani, bila spika. Kazi nzuri sana."

"Njooni mzoe takataka," akajibu, akazima redio.

Akanawa mikono kwa sabuni ya vyombo. Akatoka uani.

"Vaeni viatu, twendeni mkaimbe."

"Lakini baba kasema tunaumwa," binti akasema.

"Mmepona."

Binti akamnyooshea mkono washikane. Nge akaunusa wa kwake kwanza, ule alioshikwa na shemeji, akakunja uso, akarudi bombani kunawa tena.