Wewe Nani Wake?

Ijumaa ile soko la mbuzi la Nizwa lilikuwa halina pa kuweka mguu. Wauzaji walizunguka uwanjani na kamba mikononi, wanunuzi walichuchumaa pembeni wakibinya migongo ya wanyama, na Rumaitha, ndani ya abaya yenye zari mikononi, alisimama nyuma ya bibi yake akijipepea vumbi. Bibi alitaka beberu wa kuchinja akika ya mtoto. Bakora ya kwanza ilishuka kabla hata hawajaanza kuuliza bei.

Wauzaji wawili walikuwa wakigombania mbuzi aliyekwisha kuuzwa. Mmoja alipigwa mdomoni akatema jino mchangani, na mwenzake akainua bakora tena ampasue kichwa. Watu walirudi nyuma. Akaingia kijana mmoja mrefu wa kanzu ya dishdasha ya kijivu, mikono mitupu, bakora ikamshukia yeye kwenye nyusi, naye badala ya kuirudisha akamkumbatia yule mpigaji kifua kwa kifua mpaka pumzi zikamwisha. Alipomwachia, damu ilikuwa imemfika shingoni. Rumaitha alichomoa leso kwenye mkoba wa bibi yake, akamkandamiza nayo jerahani bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Leso ya bibi hiyo," alimwambia. "Ukiiharibu utailipa."

"Nitailipa kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ana miaka themanini."

"Basi nitazungumza na mjukuu wake," akasema, jicho moja limefumba kwa damu na jingine linacheka.

Jina lake Laith, mwenye gereji Ibra. Wazee wake walitoka Pemba, wa Rumaitha walitoka Unguja, wakahamia nchi hii ya Waarabu, na wote wawili walilelewa na Kiswahili cha jikoni na Kiarabu cha barabarani. Simu zikaanza. Rumaitha, ambaye alikuwa mfamasia Manah, alimwuliza leso itarudi lini, naye kila mara alijibu kuwa haijatakata. Umeifua na nini, habibi? Na subira, hayati, uhai wangu. Rumaitha aliyasikia hayo huku anapanga dawa kwenye rafu, na wagonjwa wakashangaa mfamasia mkali amepata wapi tabasamu.

Lakini alikuwa na sharti lake, na sharti hilo halikuwa la mchezo. Marehemu baba yake alikuwa akimpiga mama yake kwa mkanda wa ngozi, upande wa chuma. Rumaitha alikua akisikia kilio kile kutoka chini ya kitanda, na mama alikufa na kidole kilichopinda ambacho hakikupata kunyooka tena. Aliapa kuwa hataolewa na mwanamume mwenye mkono mwepesi, hata awe na sura ya malaika.

Posa ilipokuja, kaka yake Nadhir alikwenda kuuliza. Ndivyo tufanyavyo: binti haolewi mpaka mposaji aulizwe kwa majirani na watu wa msikiti wake, na anayejibu haulizwi amejuaje, kwa sababu neno lake ni amana. Desturi nzuri, nami sina ugomvi nayo, isipokuwa inamtegemea sana mjibuji. Laith aliwahi kufanya kazi Sur, kwa hiyo Nadhir akaenda Sur, akaelekezwa kwa mfanyabiashara mmoja mheshimiwa aitwaye Harub, mwenye ndevu nzito na uudi mzuri. Harub alimmiminia kahawa, akashusha pumzi, akasema kijana huyo alimvunja mtu taya na akalala mahabusu. Nimeyaona kwa macho yangu, alisema. Nadhir akashukuru akarudi.

Rumaitha hakumwamini kaka yake mpaka alipopiga simu mwenyewe.

"Laith, umewahi kutiwa ndani?"

Akajibu, "Nimewahi. Sur."

"Kwa nini?"

"Nilimpiga mtu. Akaanguka, na alipoanguka sikuacha."

"Alikufanya nini?"

"Hilo si langu kulisema. Niulize lingine lolote, roho yangu."

"Sina lingine," alisema Rumaitha, akakata simu. Alilia bafuni, maji yamefunguliwa ili bibi asisikie.

Kulia hakukumtosha, alitaka kujua. Binamu yake Wiam, aliyekuwa akisoma Amerika, alimwambia kwa simu kuwa huko kazi ni ndogo: unaandika mji na jina kwenye mtandao, inakuja picha ya aliyekamatwa, kosa lake na jela aliyolazwa, na jirani yeyote anasoma huku anakunywa chai. Rumaitha akaandika. Sur, Ibra, jina la Laith, la baba yake, la kabila lake. Yalikuja matangazo ya magari na matokeo ya mpira. Kwetu aibu ya mtu haianikwi hivyo. Unakwenda kituoni ukauliza, nao wanatazama kwanza aliyekuja kuuliza.

Akaomba ruhusa kazini, akamchukua khalati yake Ghanima, dada wa mama yake, wa kumsindikiza, akaendesha gari mpaka Sur. Askari wa kaunta alimsikiliza kwa adabu yote, kisha akamwuliza, "Wewe nani wake?"

Rumaitha alijiuliza mwenyewe. Si mke, si dada, na uchumba wenyewe alikuwa ameuvunja alipokata simu ile. Askari akamweleza kuwa habari hizo hupewa mwenyewe, jamaa zake wa karibu au mahakama. Akatoka nje masikio yanamwaka moto.

Ni Ghanima aliyekumbuka kuwa Laith ana dada, Tufool, mwenye duka la asali na halwa kando ya barabara, Al Kamil. Wakasimama hapo wakijidai wanataka maji. Tufool alipojua aliyekuja ni nani, alifunga mlango wa duka, akateremsha shela. Sikio la kushoto lilikuwa nusu, na chini yake kovu lilishuka mpaka shingoni.

"Mume wangu alinipiga kwa sufuria ya wali," alisema. "Ya moto. Laith alipoingia alinikuta chini, mume kanikalia kifuani, mikono shingoni, na mimi sioni tena. Mwanangu alikuwa mlangoni anatazama. Laith alimwondoa, akampiga mpaka taya likalia. Unataka nikwambie alikosea?"

"Hapana," alisema Rumaitha. "Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimwapisha. Mume alikubali kusamehe kesi na kunipa talaka yangu, sharti lisitoke neno nje. Binti yangu nitamwoza wapi na hadithi hii? Laith akala kiapo, akala na lawama."

Rumaitha alimwuliza jina la mume huyo. Tufool akajibu kuwa ni Harub, tena amefuga ndevu siku hizi kuficha taya lilivyoungana vibaya.

Rumaitha alikaa juu ya kreti la soda. Alikuwa na hasira mpaka kicheko kikamtoka. Kaka yake alikuwa amekwenda kuuliza habari za mtu kwa yule aliyepigwa na mtu huyohuyo, akapewa na kahawa, na kweli mzee yule alikuwa ameyaona kwa macho yake.

Simu ikalia. Ni bibi, akaeleza upesi. Laith alikuwa amemtuma mtu kuirudisha leso, imefuliwa na kupigwa pasi, na juu yake kijikaratasi cha kuomba radhi. Nadhir aliipokea mlangoni, akasema huyu anatuchezea, akatia bomba la chuma garini akaenda Ibra.

Rumaitha aliendesha kwa namna ambayo Ghanima alisoma kila dua aliyoijua. Hakufika kwa wakati. Yaliyopita gerejini alihadithiwa na mafundi. Nadhir alianza kwa kuvunja vioo vya gari la mteja, kisha akamgeukia Laith. Pigo la kwanza lilimvunja mkono, fundi mmoja akasikia mfupa. Laith alikuwa ameshika spana ndefu mkono wa pili. Akaitazama, akaitupa chini ya gari. Nadhir akampiga mbavuni, akampiga mgongoni, akamkanyaga uso alipoanguka juu ya oili, mpaka mafundi wakamrukia na polisi wakafika.

Kituoni Ibra askari aliuliza swali lilelile. Kwa Nadhir, Rumaitha alikuwa na jibu: dada yake. Akaambiwa yote, akapelekwa mpaka kwenye nondo za mahabusu. Nadhir alikuwa amekaa, damu ya mwenzake imemkauka kifuani.

"Yule Harub uliyemuuliza," Rumaitha alimwambia, "ndiye aliyevunjwa taya. Alikuwa akimnyonga mkewe. Mkewe ni dada wa Laith."

Nadhir alimtazama, kisha akaitazama mikono yake. "Nimefanana na baba," akasema polepole.

"Ndiyo," alisema Rumaitha, na hakumwongopea.

Laith alikuwa ametolewa hospitali, mkono kwenye plasta, uso umevimba, anangoja ukumbini kuandikisha maelezo. Mbele yake palikuwa na karatasi ya kusamehe haki yake, Nadhir aachiwe. Alikuwa ameshika kalamu kwa mkono wa kushoto.

"Usitie sahihi," Rumaitha alimwambia.

"Kaka yako huyo."

"Wewe ulilala ndani. Naye alale. Asubuhi utasamehe ukitaka."

"Kumbe umekwenda kwa Tufool," alisema Laith. "Mimi nilipiga kweli, Rumaitha. Sitaki kukudanganya."

"Najua. Na leo ulikuwa na spana mkononi." Alimshika vidole vilivyotoka kwenye plasta. "Nisamehe kwa kukata simu. Nioe."

Laith alicheka, mbavu zikamuuma, akajikunja. "Walii wako ni Nadhir. Nani ataniozesha na yeye yumo ndani?"

"Ndiyo maana nasema asubuhi."

Laith akaweka kalamu chini. Alipomaliza maelezo yake, askari alileta simu na funguo zake kwenye bahasha, akauliza nani anampokea mgonjwa. Rumaitha akasogea mbele.

"Wewe nani wake?"

"Mkewe," alisema Rumaitha. "Atakayetuozesha mmemfungia nyinyi."

Askari alimtazama Laith, Laith akatikisa kichwa kukubali, naye akamkabidhi Rumaitha bahasha.