Mlango Usiosomeka

Kila asubuhi, Mwanasiti wa mtaa wa Shella, Malindi, alikaanga mahamri huku mwanawe, Bwanamkuu, akimng'ang'ania mguuni. Alasiri alikwenda darasa la ngumbaru kujifunza kusoma. Mumewe, Zein, alikuwa fundi wa mabango. Malindi nzima iliyajua maandishi yake yenye mikia na maua.

"Herufi zangu zina maringo kama bibi harusi," Zein alizoea kujisifu.

"Kweli, bwana," Mwanasiti alimtania. "Zimejifunika hata uso hauonekani!"

Siku moja mtoto aliamka na homa. Zein alikuwa amekwisha kwenda kazini. Kufikia adhuhuri mwili wa mtoto ulikuwa ukichoma kama kaango. Ghafla macho yakageuka. Mikono ikakakamaa, akaanza kutetemeka.

"Degedege!" alipaza sauti Mzee Mahadhi, baba yake Zein. "Usingoje, mwanangu! Kimbia naye zahanati!"

Mwanasiti alikimbia. Ndala moja ilikatika njiani, akaiacha hapo hapo.

Zahanati ilikuwa mpya. Ilikuwa na milango minne, na juu ya kila mlango pana maandishi. Dena, mlinzi, alikuwa amezongwa na watu langoni.

"Mlango mwekundu, mama!" alisema. "Wagonjwa wa dharura ni mlango mwekundu!"

Mwanasiti alitazama. Hakuona chochote chekundu. Akainua macho asome. Ukuta ulikuwa mweupe, maandishi ni ya manjano hafifu, na jua la utosi lilikuwa limeyameza. Darasani kila herufi ilisimama peke yake. Hizi zilitambaa na kukumbatiana kama mikunde. Hii ni D? Au ni jani?

Povu lilimtoka mtoto mdomoni.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa hudhurungi. Labda ndio huo! Akaukimbilia, akaugonga. Ulikuwa umefungwa. Akaugonga tena kwa ngumi.

"Nifungulieni! Mwanangu anakufa!"

"Mama, hiyo ni stoo!" Muuguzi Jedida alitoka mbio. Akamtwaa mtoto, akaingia naye mlango wa pili. Mwanasiti alikuwa ameupita mlango huo. Ulikuwa mwekundu kweli, lakini ulikuwa umefunguliwa kwa ndani, ukaegemea ukuta. Aliye nje hakuiona rangi yake.

Jedida alimlaza mtoto kwa ubavu. "Usimtie kitu mdomoni. Si kijiko, si kidole." Akampoza kwa kitambaa cha maji, akamchoma sindano.

Mtetemeko ukapungua. Ukakoma. Chumba kikawa kimya. Kisha Bwanamkuu akalia, na mama yake hakuwa amewahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Zein aliingia akihema. "Nimeambiwa amecheleweshwa nje! Nani aliyemchelewesha mwanangu?"

"Ni yale maandishi, baba," alijibu Jedida kwa hasira. "Hayasomeki. Hata mimi siku ya kwanza niliuliza njia. Sijui ni fundi gani aliyeyaandika."

Zein aliketi sakafuni. "Ni mimi," akasema.

Mwanasiti hakumhurumia. "Nilisimama chini yake, Zein, mtoto anatetemeka mikononi. Sikuona neno. Niliona maua."

Jedida alishusha pumzi. Sauti yake ikalainika. "Sikiliza, fundi. Hapa neno lisomeke kwanza, lipendeze baadaye. Tumia rangi nzito juu ya rangi nyepesi. Herufi ziwe kubwa, wazi. Wala usitegemee rangi ya mlango peke yake. Wako watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Andika neno, uchore na picha kando yake. Na langoni pia weka alama ile ile ya mlangoni, mtu asijifunze mara mbili."

"Kwa hiyo nitupe ufundi wangu?"

Mwanasiti alinyoosha kanga yake mbele yake. "Tazama. Maua tele, rangi tele. Lakini jina la kanga lina mahali pake, na hakuna ua linalolikanyaga. Hata mimi wa ngumbaru nalisoma. Aliyeichora kanga hii hana ufundi?"

Zein alipitisha kidole kando ya maandishi ya kanga. "Anao," akasema. "Kunishinda."

Kesho yake alipaka ukuta wa zahanati chokaa upya. Hakugusa rangi. Kwanza aliandika kwa makaa, kisha akamwita baba yake, mwenye ukungu machoni, asimame langoni.

"Shikamoo, baba. Waona nini?"

"Marahaba. Naona ukuta, na kijana anayejisumbua."

Zein alikuza herufi, akazinyoosha, akachora na mtu aliyebebwa. "Na sasa?"

"Mtu kabebwa. Dha-ru-ra. Haya, paka rangi twende tukale!"

Maua hayakupotea. Zein aliyapanga chini, kando ya sakafu, mbali na maneno.

Juma lililofuata, Mwanasiti alimpelekea mumewe chakula. Zein alikuwa juu ya ngazi, akimalizia maandishi ya mlango wa dawa, jirani na ule wa dharura. Mwanamke mgeni akaingia langoni mbio, mtoto begani. Dena alikuwa mbali. Mwanamke aliinua macho kwenye maandishi. Midomo yake ilicheza mara moja tu.

"Sogeza ngazi yako, kaka, napita!" akasema.

Akaingia mlango wa dharura. Ndani, Jedida alikuwa amekwisha kunyoosha mikono.